Swali la Nyamira: helikopta ya jeshi ikipigwa risasi kutoka chini, nani hutoka hai?

Mwezi uliopita nilipanda hadi Nyamira kwa harusi ya binti wa rafiki yangu tuliyefanya kazi pamoja Mombasa miaka mingi. Kesho yake asubuhi, tukiwa tunakunywa chai mbele ya nyumba, helikopta ya wanasiasa ikapita bondeni, chini yetu. Nasema chini yetu kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Sisi huku pwani tumezoea kuinua shingo kutazama ndege. Kule Gusii nyumba zimejengwa juu ya matuta, na rubani akishuka bondeni kutafuta uwanja wa shule wa kutua, mwenye shamba lake la chai huyaona mapanga ya chombo kwa juu. Na kwa vile 2027 imekaribia, vyombo hivyo havikosekani kila mwisho wa juma.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akinisubiri anipeleke stendi aliitazama ikipotea upande wa Manga, akaniuliza: "Mzee, hii kitu mtu akiitupia jiwe si itaanguka?" Tukacheka. Swali lake la pili halikuwa la kuchekesha. "Na ile ya jeshi, ikipigwa risasi?" Mdogo wake amemaliza kidato cha nne na kila alfajiri anakimbia milimani akingojea siku makurutu wa KDF watakapoitwa uwanjani. Baba amekubali, wajomba wamekubali. Mama peke yake ndiye hajakubali.

Siku ile sikuwa na jibu la maana. Nimerudi nyumbani, nimesoma, na nimeona kwamba jambo hili linatuhusu sisi wa Lamu, Tana River na Mombasa pia. Helikopta zenyewe zinaruka juu ya vichwa vyetu. Walio ndani yake ni vijana wa Nyamira, wa Kisii, na wa kwetu.

Tuanze na huyo aliye chini. Mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika mpaka wa Borabu na Sotik, vijana walikabiliana pale Chebilat kwa pinde, mishale na mapanga. Mshale haumtishi rubani. Msitu wa Boni ni habari nyingine kabisa. Tangu Operesheni Linda Boni ianze Septemba 2015, anayejificha chini ya miti ile ana AK-47, na mara nyingine ana rashasha na RPG. Risasi ya AK-47 hupenya ubavu wa helikopta ya kawaida kama inavyopenya mlango wa matatu, kwa sababu ubavu huo ni bati jembamba la alumini na si zaidi. Wengi wetu tukisikia "helikopta ya jeshi" hudhani ni kifaru kinachoruka. Rangi ya kijani imetudanganya.

Habari ya kupigwa angani kutoka chini si ngeni pwani yetu. Julai 1915, Waingereza walipokuwa wakiiwinda manowari ya Wajerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, ndege zao ziliruka kutoka Mafia kwenda kuonyesha mizinga ilenge wapi. Tarehe 11 Julai rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walipigwa, injini ikafa. Arnold aliendelea kutuma maelekezo kwa simu ya upepo huku ndege ikishuka, wakaangukia mtoni karibu na manowari zao wakaopolewa hai. Königsberg ikaangamia siku hiyo hiyo. Ndege yao ilikuwa ya kitambaa, na hakuna hata kipande kimoja ndani yake kilichowekwa ili kumkinga mtu. Waliokolewa na maji ya Rufiji.

Elimu ya kuunda chombo kinachomkinga mtu wake ilikuja baadaye, na ilinunuliwa kwa bei mbaya. Katika vita vya Vietnam Marekani ilipoteza helikopta karibu 5,000, nyingi zikiwa Huey, jina ambalo sisi Wakenya tunalifahamu vizuri. Sehemu kubwa zilipigwa; nyingine zilianguka kwa ajali. Askari waliokaa nyuma walikuwa wakivua fulana zao za kuzuia risasi na kuzikalia, maana risasi ilipitia sakafuni. Wahandisi walipochunguza mabaki wakakuta jambo lililowatia simanzi zaidi ya risasi zenyewe: watu wengi walikuwa wamenusurika kishindo cha kuanguka, kisha wakafa kwa moto. Tangi lilipasuka, mafuta yakamwagika juu ya injini iliyokuwa bado inachemka. Kuanzia mwaka 1970 Huey mpya zikaanza kuwekewa matangi ya namna nyingine, ya mpira mgumu usiopasuka kwa urahisi, na mabomba yenye maungio yanayojifunga yenyewe yakikatika. Vifo vya moto katika ajali ambazo mtu angeweza kupona vikapungua mno.

Hapo ndipo fikra yote ya uundaji ilipogeuka. Mwanzoni wazo lilikuwa kuzuia risasi isiingie. Halafu wakakiri kwamba itaingia tu, na swali likawa: ikishaingia, itakuta nini? Msomaji wa pwani hatapata tabu kuelewa. Fundi wa jahazi hajengi chombo kwa kudhani maji hayatapita. Huacha ngama, mahali maji yakusanyike ili yatekwe, chombo kiendelee na safari.

Angalia tangi la mafuta. Ndani ya ukuta wake huwekwa tabaka la mpira ambao ukiguswa na mafuta huvimba. Risasi ikitoboa, mafuta yanayovuja huuvimbisha mpira, tundu linajiziba. Ni kalafati inayojitia yenyewe. Angalia giaboksi, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mapanga ya juu. Gari likimwaga oili unaegesha kando ya barabara ukampigia fundi simu. Angani hakuna kando. Kwa hiyo helikopta ya Black Hawk, iliyoanza kazi jeshini Marekani mwaka 1979 ili kuchukua nafasi ya Huey, ilitakiwa giaboksi yake iweze kuzunguka nusu saa bila oili, rubani apate muda wa kuondoka penye hatari. Injini zake ni mbili na zimetenganishwa, risasi moja isiziue zote. Fimbo na mabomba ya kuongozea yamerudiwa na kupitishwa njia tofauti, ukikata huku kule bado kunafanya kazi. Mapanga yake yameundwa yaendelee kubeba chombo hata yakitobolewa na risasi nene ya milimita 23.

Kisha kuna kiti, na mimi nakiona kiti kuwa ndicho chenye hekima kuliko vyote. Kiti cha rubani kimezungushiwa vigae vya seramiki juu ya kitambaa kigumu cha nyuzi: kigae huivunja risasi, nyuzi huvidaka vipande. Lakini kiti hicho hicho kimefungwa kwenye reli. Chombo kikigonga ardhi, kiti huteleza chini polepole kwenye reli zake na kunyonya kishindo ambacho kingevunja uti wa mgongo. Kitu kimoja, kazi mbili: kinamkinga mtu na risasi, na kinamkinga na kuanguka.

Yote haya yalijaribiwa kwa jirani yetu. Tarehe 3 Oktoba 1993, Mogadishu, Black Hawk nne zilipigwa kwa RPG katika mapigano ya siku moja. Mbili zilianguka ndani ya mji, na kisa chake dunia nzima inakijua: Wamarekani 18 waliuawa na Wasomali mamia. Zile mbili nyingine hazizungumzwi sana, nami naona ndizo zenye somo. Moja ilipigwa ikiwa imesimama angani, askari wakishuka kwa kamba. Mapanga yaliharibika, oili ikamwagika, na rubani akangoja hadi wa mwisho ameshuka ndipo akairudisha uwanja wa ndege. Ya nne ilijikokota ikatua kwa kishindo upande wa wenzao. Hata miongoni mwa zile mbili zilizoanguka, moja ilishuka ikizunguka kama pia baada ya kupoteza panga la mkiani, na rubani wake, Michael Durant, alitoka hai. RPG ni silaha ya kulenga vifaru. Hakuna helikopta iliyoundwa kuipuuza. Ila kulikuwa na tofauti kati ya kupigwa na kufa, na tofauti hiyo ilichorwa mezani na mhandisi miaka 20 kabla.

Congo inatupa mfano wa karibu zaidi kwa wakati. Tarehe 29 Machi 2022 helikopta aina ya Puma ya kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, ilianguka Rutshuru katikati ya mapigano ya jeshi la Congo na M23. Walinda amani wanane walikufa, sita kati yao Wapakistani. Serikali ya Congo iliwalaumu M23, nao wakakana. Februari 2023 helikopta nyingine ya kikosi hicho, aina ya Oryx ya Afrika Kusini, ilipigwa risasi ikitoka Beni. Mwanajeshi mmoja aliuawa ndani yake na mwingine akajeruhiwa, lakini chombo kilifika Goma kikatua. Oryx ni Puma iliyoundwa upya na Waafrika Kusini, kwa hiyo ni ndugu. Siwezi kusema moja ilirudi kwa ubora na nyingine ikaanguka kwa udhaifu. Inategemea imepigwa na nini na wapi. Ninachosema ni kwamba baada ya mtu kufa ndani yake, bado ile Oryx iliwafikisha wengine.

Sasa turudi kwetu. Kwa zaidi ya miaka 40 jeshi letu limetegemea helikopta ndogo za MD500, zilizoanza kuja karibu mwaka 1980. Desemba 2016 tulianza kupokea Huey II kutoka Marekani. Januari 2020 zikapokelewa MD 530F sita. Mei 2024, Rais Ruto alipokwenda Washington, Marekani ikatangaza helikopta nyingine 16 kwa Kenya: Huey nane na MD500 nane. Ukiziangalia zote hizo utaona kitu kimoja. Zina injini moja.

Nisiwe mchoyo wa haki. MD500 ina sifa zake. Ni ndogo, kwa hiyo ni ngumu kulenga; ina umbo la yai lenye mbavu imara, na dada yake wa Vietnam alisifika kwa kuanguka na kuwaacha watu wake hai. MD 530F iliongezewa nguvu hasa kwa ajili ya joto na milima. Huey nayo inajulikana na kila fundi, na vipuri vyake vinapatikana. Nchi yenye mfuko kama wetu haiwezi kununua Apache. Hata uzito wa deraya si dawa ya kila kitu. Agosti 2012 Uganda ilituma Mi-24 tatu, helikopta za Kirusi zenye deraya ya titani kuzunguka marubani, zikielekea Somalia. Zote tatu zilianguka Mlima Kenya, hakuna aliyezipiga risasi. Na pale Manda, Januari 2020, Al-Shabaab waliteketeza ndege zikiwa zimeegeshwa.

Tena deraya ina gharama ambayo haiandikwi kwenye hundi. Bamba la chuma la mita mraba moja, unene wa milimita 6, lina uzito wa kilo 47 hivi. Chukulia sakafu ya helikopta ya wastani ni mita mraba tano: umeshapakia kilo 235 kabla askari hajapanda, sawa na askari watatu wabaki chini. Na unene huo wenyewe hausimamishi risasi ya rashasha kubwa ya milimita 12.7. Seramiki ni nyepesi kuliko chuma lakini bei yake iko juu. Ndiyo maana nchi nyingi huweka deraya kwenye viti vya mbele na kuishia hapo. Nahodha yeyote anajua gunia moja zaidi linavyokishusha chombo.

Hapo ndipo milima ya Gusii inaporudi kwenye hesabu. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na matuta ya Nyamira yanapita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi, injini inavuta pumzi haba, mapanga yanapata kidogo cha kukalia. Mzigo ambao helikopta inaunyanyua Manda asubuhi bila shida, kule utaishinda. Joto la mchana la Garissa lina athari hiyo hiyo. Kwa nchi kama yetu, yenye pwani, jangwa na milima, kila kilo ya kinga ni lazima ichaguliwe, na anayechagua anaamua nani akingwe.

Na sasa jambo linalonikera. Kila helikopta ya jeshi ikianguka hapa Kenya, mjadala wetu ni mmoja: imepigwa au haikupigwa? Usiku wa Septemba 2023 Huey ya jeshi la anga ilianguka kaunti ya Lamu ikiwa kwenye doria, waliokuwemo wote wakapoteza maisha. Mitaani Lamu watu walibishana wiki nzima kama ni Al-Shabaab. Tarehe 18 Aprili 2024 Huey nyingine ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, ikamuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake tisa, wawili walinusurika. Nchi nzima ikaingia kwenye uvumi wa njama. Taarifa ya Wizara ya Ulinzi kwa Bunge baadaye ilitaja hitilafu ya injini.

Sijali sana kama injini imekufa kwa risasi au kwa uchakavu. Kwa aliyeketi ndani ni kitu kile kile: ukimya ghafla, kisha ardhi inakuja. Injini ya pili ingemsaidia kwa vyote viwili. Tangi lisilopasuka lingemsaidia kwa vyote viwili, na kiti kinachonyonya kishindo pia. Vitu vilivyobuniwa kwa ajili ya risasi vinaokoa watu wengi wasiopigwa risasi kamwe. Sikatai kwamba injini mbili nazo huanguka. Juni 2021 Mi-171 yenye injini mbili ilianguka Ol Tepesi, Kajiado, wakafa askari wasiopungua 10. Ila tumekuwa tukibishana kuhusu adui tukasahau kuuliza kuhusu chombo.

Bunge lina kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Nje. Siri za kijeshi zina nafasi yake. Sitaki kujua doria inapita Mangai au Basuba saa ngapi. Lakini kuna mambo ambayo kuyajua hakumsaidii adui hata chembe. Hizo helikopta 16 zilizotangazwa baada ya msiba wa Sindar, ziliundwa mwaka gani? Matangi yake ni ya zamani au ya kisasa? Viti vya nyuma ni vya kunyonya kishindo, au ni mabenchi ya kitambaa na mabomba? Injini zimebakiza saa ngapi kabla ya kufunguliwa upya? Msaada haukataliwi, lakini hata anayepewa gari la bure hufungua boneti. Mbunge wa Lamu anaweza kuuliza haya. Wa Nyamira na Kisii, kaunti zenye watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2019 na vijana wanaojaza foleni za makurutu, naye anaweza, pengine siku ambayo yeye mwenyewe hajakodi chopa ya kwenda mkutanoni.

Juzi nilimpigia simu yule kijana wa bodaboda. Nikamweleza habari ya tangi linalojiziba, giaboksi ya nusu saa, kiti chenye reli na vigae vya rubani. Alinisikiliza mpaka mwisho, adabu yao ndiyo hiyo. Kisha akauliza, "Sawa mzee. Lakini mdogo wangu hataanza kwa kuwa rubani. Ataketi nyuma. Huko nyuma kuna nini?"

Nikamwambia kwamba hapo ndipo nilipofika mimi pia, na ndiyo sababu naandika. Akaniambia mama yake yuko karibu, kama nataka kuzungumza naye. Nikazungumza naye kuhusu mvua.